Yah: Mwalimu Wenu wa Picha na Magoti Yangu

Kwa Mkuu wa Kituo cha Mafunzo ya Watu Wazima,
Jengo lililo nyuma ya posta, chumba cha mwisho, penye mlango unaolia.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi kwenye kiti chenye mgongo, magoti yako yote mawili yakiwa salama. Yangu siwezi kuyasemea hivyo. Naandika nikiwa nimenyoosha miguu juu ya stuli, na kila mke wangu anapopita na ndoo ya nguo ananiangalia, anatikisa kichwa, anaendelea na safari yake ya kwenda uani.

Naitwa Babu. Jina jingine ninalo, lipo kwenye kitambulisho, lakini tangu mjukuu wangu aanze kusema hakuna anayelitumia, hata muuza magazeti ambaye kwa umri ni mdogo wangu kidogo tu. Nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo hadi nilipostaafu. Nikiingia sokoni wachuuzi walikuwa wanashusha sauti. Nakueleza haya ili ufahamu kwamba hujaandikiwa na mtu anayelalamika kwa kukosa kazi. Mimi nikilalamika, mizani ilikuwa inafungwa.

Sasa nalalamikia kozi yenu ya jioni iitwayo "Piga Picha Bora za Watoto Wadogo Nje ya Nyumba". Nimeisoma yote, sikukosa hata siku ya mvua, nimefaulu, na cheti mmenipa. Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo.

Kwanza uijue familia. Mjukuu wangu tunamwita Sisimizi, kwa sababu hajawahi kuonekana ametulia akiwa macho. Mama yake ni binti yangu wa pekee, muuguzi katika hospitali ya mji wa mbali sana, mji ambao ukitaka kuufikia unalala njiani. Alimwacha mtoto kwetu akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Hakupenda. Zamu zilikuwa za usiku, chumba alichopanga kilikuwa kimoja, na mtoto hawezi kulelewa na mlango uliofungwa. Tukakubaliana kwamba kila Jumapili nitampiga mtoto picha na kumtumia mama yake, aone kwamba mwanawe analelewa.

Nikafanya hivyo kwa uaminifu. Sisimizi alikuwa anaogeshwa, anachanwa, anavalishwa soksi nyeupe, kisha namsimamisha mbele ya tangi la maji, mikono ubavuni, uso umeelekea jua. Nahesabu, nabonyeza, natuma. Binti yangu anajibu, "Asante baba, amependeza." Nami nakunywa chai yangu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, Ndugu Mkuu, kwa amani, mpaka siku moja binti akaandika, "Baba, nisamehe, lakini mbona kila picha amekunja uso kama hakimu?" Kisha akanizawadia kozi yenu.

Naomba sasa kuyapanga madhara yaliyonipata, kuanzia madogo.

1. Magoti. Mwalimu wenu ni msichana mwenye raba miguuni na suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Siku ya kwanza alituambia tushuke chini hadi macho yetu yalingane na macho ya mtoto. "Babu," akaniambia mbele ya darasa zima, "ukimpiga ukiwa umesimama, unapata utosi tu." Nilimjibu kwa adabu kwamba utosi wa mjukuu wangu hauna kasoro yoyote. Darasa likacheka. Nikapiga magoti.

Najua wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini wahenga hawakusema ainame kwenye nyasi zenye umande, mbele ya majirani, na kwamba kuinuka kwake kutategemea huruma ya wapita njia. Isitoshe, huko chini hakuna faragha. Sisimizi alinikuta nimepiga magoti uani, akaja mpaka puani kwangu.

"Babu, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nasoma."

"Unasoma nini?"

Nikakosa jibu, Ndugu Mkuu. Mkaguzi wa mizani na vipimo, nimekosa jibu mbele ya mtu asiyejua kufunga kamba za viatu. Yeye akachuchumaa kando yangu na kuanza kunionyesha vitu vya huko chini: upande wa ndani wa ndoo, tumbo la konokono, mahali anapoficha vifuniko vya chupa. Tangu siku hiyo anaamini kwamba chini ndiko ninakokaa. Nikisimama ananivuta suruali na kuuliza naenda wapi.

2. Jua. Mimi nilikuwa namweka mtoto aelekee jua kwa sababu ya haki. Mwanga usoni, kila kitu bayana, hakuna pa kufichia upungufu. Ndivyo tulivyokagua mawe ya mizani. Mwalimu wenu akasema ndiyo sababu mtoto anakunja uso. "Jua likimpiga machoni, Babu, wewe unapiga picha ya kero." Akafundisha kwamba mtoto awekwe kivulini, au jua liwe nyuma yake, tena ningoje alasiri mwanga ulegee.

Alasiri, Ndugu Mkuu, mimi nilikuwa nalala. Huo usingizi wa mzee aliyeutumikia umma sasa umepewa mtoto anayekimbiza majani makavu. Halafu nikapiga hiyo picha ya jua mgongoni, na nywele zake zikawaka pembeni mwa kichwa, utadhani ndani ya mtoto kumewashwa taa. Nikamwonyesha mke wangu. Akaishika kamera, akaitazama, akaitazama, mpaka maji ya chai yakakauka jikoni na sufuria ikatoboka. Sufuria ile ilikuwa mpya. Sijaona popote kwenye kipeperushi chenu palipoandikwa kwamba kozi hii huharibu vyombo.

3. Tangi. Siku tuliyotakiwa kuleta picha zetu za zamani, nilizileta zote, zimepangwa vizuri. Mwalimu akazipitia moja baada ya nyingine, ukungu wa huruma ukimtanda usoni. Mwishoni akauliza, "Babu, huyu mtoto ni wa tangi?"

Sitaki kulizungumza zaidi.

4. Kutotoa amri. Mwalimu wenu anafundisha kwamba mtoto asiambiwe "simama", asiambiwe "cheka", asiambiwe "tazama huku". Apewe kitu cha kufanya, aachwe, na mpiga picha awe na subira. Nilimpa Sisimizi ndoo ya maji na kitambaa, nikamwambia aoshe ukuta wa bustani. Ukuta haukumvutia. Akaosha viatu vyangu, vile vya ngozi nilivyoagwa navyo kazini, na akaviosha kwa ndani. Niliporipoti tukio hilo darasani, mwalimu aliuliza tu, "Picha umepata?"

Nikasema nimepata.

"Basi."

Basi! Viatu vya mtumishi wa umma vimezikwa kwa neno moja. Na ukweli wa mambo, picha ile ninayo. Amekunja nguo hadi kiunoni, ulimi umetoka pembeni kwa kujitahidi, mkono umezama ndani ya kiatu hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa moyo namna ile, na mimi nimeajiri wengi. Lakini je, picha inavaliwa miguuni?

5. Heshima yangu mbele ya jamii. Tulipelekwa bustani ya manispaa kwa mazoezi. Nililala kifudifudi chini ya ule mteremko wa chuma ambao watoto wanautelezea, ili nimpate Sisimizi akija na miguu hewani. Nikiwa pale, mlinzi wa bustani alikuja akainama, akanishika bega taratibu kama anayegusa maiti. "Mzee wangu, kuna ndugu wa kumpigia simu?"

Nilimweleza kwamba mimi ni mwanafunzi. Akaenda kuniletea maji.

Zaidi ya hapo, mwalimu wenu ana sheria kwamba mtoto wa mwenzio hapigwi picha kabla mzazi wake hajaombwa ruhusa. Sheria njema, siipingi. Ila matokeo yake ni kwamba mimi, ambaye kwa miaka mingi sikuwa na mazoea na mtu yeyote katika mtaa huu, na nilikuwa nimeridhika hivyo, nililazimika kwenda kwenye benchi moja hadi jingine kuwasalimu akina mama. Sasa wananijua. Wananiita, "Babu, njoo umpige na huyu wangu, mkorofi kama wako." Wananiuliza hali ya magoti. Mmoja ameniletea mafuta ya kuchulia. Siwezi tena kupita njia ile kwa dakika chache nikiwa nimenuna, kama raia huru.

6. Hili ndilo hasa, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Jumapili moja nilimtumia binti yangu picha mpya, kwa majivuno, nikitegemea ile "asante baba" yangu. Haikuja. Nikamaliza chai. Haikuja. Mchana akapiga simu, nikasikia vitanda vya magurudumu vikipita nyuma yake kwenye korido.

"Baba, jino limeng'oka lini?"

Nikamwambia limeng'oka siku nyingi, la mbele, la chini, alilimeza na kipande cha embe.

"Mbona sikujua?"

Angejua vipi? Kwenye picha zangu mtoto alikuwa amefunga mdomo kama bahasha. Akauliza kuhusu kovu la gotini, nikasema ni la baiskeli ya jirani, kidonda kilipona. Akauliza ni nani aliyemfundisha kusuka majani, nikasema bibi yake. Alikuwa anauliza polepole, kama wanavyoulizwa wagonjwa wapya wanaoingia wodini. Kisha akafika kwenye ile picha ambayo mimi nilidhani ndiyo bora kuliko zote, Sisimizi amegeuka ghafla kutoka kwenye ukuta, karibu kabisa, anacheka, macho yamejaa.

"Hapa anamtazama nani hivi, baba?"

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa nimeshika kamera."

Ndugu Mkuu, nimewahi kufunga duka la tajiri mbele ya wanasheria wake, sikutetemeka. Lakini swali lile sitaki kuulizwa tena. Halafu akasema ana mgonjwa, akakata.

Baada ya hapo hakuandika Jumapili mbili. Ya tatu akapiga, sauti imekauka, kama mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. Ameomba zamu za mchana, amepewa. Amepata nyumba yenye uwanja mdogo, na shule iko kando ya hospitali. "Nakuja kumchukua mwanangu, baba. Nimekuwa namwona kila wiki na kumbe sikuwa namwona."

Mke wangu aliposikia alisema Mungu ni mwema, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote. Mimi sikulia. Macho yangu yalikuwa yamechoka tu, kwa sababu ya kulenga.

Sasa tazama, Ndugu Mkuu, mantiki ilivyo. Kabla ya kozi yenu nilikuwa na magoti, usingizi wa alasiri, sufuria, viatu, jina la kutisha mtaani, na mjukuu. Nimesoma kwa bidii, nimefaulu, na vyote vimeondoka kimoja kimoja kwa mpangilio uleule wa masomo yenu. Na sababu ni moja. Picha mbaya ni ukuta imara. Upande huu mtoto, upande ule mama, kila mmoja ametulia kwa sababu haoni. Mtoto aliyesimama wima mbele ya tangi hamlizi mtu. Unamtazama, unasema amependeza, unarudi kazini. Mimi niliujenga ukuta huo kwa mikono yangu, Jumapili baada ya Jumapili, na haukuwa na ufa. Kisha kituo chako kikanifundisha mahali pa kuutoboa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naamini si mengi.

Kwanza, mwalimu wenu aendelee na kazi, kwani ni mtoto wa watu na ana kipaji, lakini afundishe picha za majengo. Jengo likipigwa vizuri halichukuliwi na mama yake.

Pili, wazee wenye wajukuu wasiandikishwe tena bila kupimwa kwanza na daktari, mifupa na moyo.

Tatu, na hili ni la haraka, ofisi yako imwandikie binti yangu barua rasmi, yenye muhuri, kumjulisha kwamba picha alizopokea si ushahidi wa kutegemewa. Mwelezeni kwamba pengo la jino huletwa na kivuli. Kwamba kile kicheko ni cha lenzi. Kwamba kitaalamu mtoto yeyote akipigwa kwa karibu, alasiri, na mtu aliyepiga magoti, huonekana anampenda sana aliye mbele yake, na kwamba hali hiyo hutoweka mara mtu akisimama. Ninyi ni wataalamu, lugha ya kuandika mambo hayo mnayo. Mkiniandikia mimi rasimu nitairekebisha tahajia bila malipo.

Nne, kama hilo haliwezekani, basi nifundisheni kusahau. Najua namna ya kumsimamisha mtoto mbele ya tangi, nimefanya hivyo kwa miaka. Juzi nilijaribu tena. Nilimvalisha soksi nyeupe, nikamwelekeza jua, nikahesabu. Akanitazama, akakaa chini, akapapasa ardhi kando yake, akasema, "Babu, huku." Nikajikuta niko huko. Tangi sikuliona tena. Ujuzi umeniingia kama maji kwenye kiatu, na sijui unatolewaje.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie makarani wako wote wa mapokezi, hasa yule mnene anayecheka kabla ya kuambiwa jambo. Nisalimie wanafunzi wenzangu wa benchi la mbele, mwashi na yule mama wa mapacha, waambie mgongo umepona, yamebaki magoti. Msalimie mlinzi wa mlangoni. Mwalimu wangu naye msalimie, ila usimwonyeshe barua hii, atahuzunika, na akihuzunika anatafuna kamba ya kamera.

Wako katika masikitiko na unyenyekevu,

Babu,
mkaguzi mstaafu, mpiga picha mwenye cheti.

N.B. Nilikuwa sijaipeleka barua hii posta binti yangu alipofika. Alikuja mapema kuliko alivyosema, asubuhi, akiwa bado na viatu vya kazini. Sisimizi hakumkimbilia. Alijificha nyuma yangu akashika shati langu, na mama yake akasimama pale getini na mabegi yake, hajui aweke wapi mikono. Mwanga ulikuwa mzuri. Kamera ilikuwa shingoni mwangu. Mimi sikuigusa, nilisahau kabisa kama ninayo, maana yule mtoto alikuwa anatoka nyuma yangu kidogo kidogo, na nilitaka kuona kwa macho yangu atakavyofika kwa mama yake.

Alifika.

Kwa hiyo ile barua ya muhuri msiiandike. Wanaondoka mwisho wa wiki ijayo. Nimempa mama yake kamera ajaribu, na nasema hili kwa upendo wa mzazi: binti yangu anajua kuchoma sindano, kushona vidonda na kuinua watu wazima kitandani, lakini picha hajui. Nimepitia alizopiga jana. Nusu ni kidole chake, nusu ni anga.

Naomba mumpokee darasani kuanzia kesho, hata kama nafasi zimejaa, atakaa kwenye kiti changu. Apewe mwalimu yuleyule, asipewe mwingine. Na amkazanie, asimwonee huruma kwa sababu ya uchovu wa safari, kwa kuwa kuanzia sasa atakayekuwa anapiga ni yeye, na nitakayekuwa nangoja ni mimi.